Theluji Niliyoitia Katika Barua za Baba

Laiti siku ile ningemwambia mjomba hapana. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, juu ya paa la nyumba yake Maskati. Mimi nimechuchumaa nageuza tende zilizoanikwa kwenye jamvi, yeye kasimama nyuma yangu, kivuli chake kimenifunika. Akasema, "Mjomba, barua ya baba yako ikija, isome kwanza peke yako. Kila palipotajwa yule mwanamke, paruke. Mama yako asisikie." Nikajibu, "Haya, mjomba." Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilifurahi kwamba mtu mzima kanipa siri ya kutunza.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuwa akifungasha kwenda kusoma Ulaya. Tunakaa Al Khoudh, pembeni mwa Maskati, nguo za baridi huku hana haja nazo mtu, basi akafungua sanduku la marehemu mama yangu akitafuta chochote kizito. Akatoa shali ya sufu ya kijivu. Harufu iliponifikia, ile ya sufu iliyofungiwa miaka pamoja na ubani na vidonge vya kuzuia nondo, nikamwambia anipe niishike. "Babu, mbona mpya hii?" akaniuliza. Nikamwambia haikupata kuvaliwa. Akataka kujua kwa nini. Sikuwa na jibu fupi. Jibu refu ni hili, na nawaandikia wenzangu wa rika langu, mnaoikumbuka Maskati ile.

Baba yangu alikuwa karani wa meli. Mapinduzi ya Unguja yalipotokea, meli yake ilikuwa Ulaya, na hakuwa na pa kurudi. Akashuka Rotterdam, bandari ya Uholanzi, akapata kazi katika ghala la viungo. Miaka yote aliyokulia katika karafuu ikamfaa: akifumba macho aliweza kulijua gunia kavu na gunia lililolowa kwa kulinusa tu. Mimi na mama tukaja Maskati, kwa kuwa mjomba, kaka yake mkubwa, alikuwa amekwishatangulia na akakubali kutudhamini. Bila ya mtu wa kukudhamini hukushuka. Tukapewa chumba kimoja cha chini chenye dirisha la uchochoroni. Mama akashona kofia za kuuza, na alichokingoja katika maisha yake kilikuwa kitu kimoja tu: baba aandike kwamba njooni. Yeye mwenyewe asingeliuliza. Alilelewa kwamba mume ndiye anayemwita mkewe, na mke anayejialika kajishusha.

Mama akisoma Kurani vizuri mno, lakini kuandika hakufundishwa, na herufi za Kizungu hakuzijua. Mjomba naye alijua za Kiarabu tu. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma skuli Unguja, darasa la tano, kwa hiyo barua za baba zilipita kinywani mwangu, na majibu ya mama yalipita mkononi mwangu. Baba alilijua hilo. Kila barua aliianza hivi: "Mwanangu, msomee mama yako neno kwa neno."

Barua za mwanzo niliwasomea wote wawili, Ijumaa baada ya sala, kahawa na tende mbele yetu. Kabla sijafungua, mjomba aliichukua bahasha, akaiinua kwenye mwangaza wa mlango, akapitisha kidole kwenye gundi. "Hii imefunguliwa ikafungwa tena," akisema kila mara. Labda ni kweli. Mji wenyewe ulikuwa wa kutazamana kwa pembe ya jicho. Sisi wa kutoka Unguja tulitazamwa zaidi, kwa Kiarabu chetu cha kuvunjika na kwa jamaa zetu waliotapakaa nchi ambazo watu hawakuzijua. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, watoto wenzangu waliniita Zinjibari, na nikikosea neno waliniuliza kama kwetu tulikuwa tukizungumza na nyani. Mjomba alituambia tusizungumze Kiswahili njiani. Alinyamaza ghafla mtu akipita dirishani, hata kama mazungumzo yalikuwa juu ya bei ya papa mkavu.

Na baba, maskini, aliandika aliyoyaona. Aliandika kwamba nchi ile iko chini ya bahari, na watu wamejenga ukuta wa udongo kuizuia, na nyuma ya ukuta ng'ombe wanakula majani huku meli zinapita juu ya vichwa vyao. Kwamba wakati wa baridi maji ya mifereji huwa magumu kama jiwe na watu hutembea juu yake. Kwamba vikongwe wenye mvi hupanda baiskeli kwenda sokoni. Kwamba ukialikwa chai wanakuletea mkebe wa biskuti, ukachukua moja, kisha kifuniko kinafungwa na mkebe unarudi kabatini, na wala si ubahili, ndiyo heshima yao. Kwamba hawafungi mapazia, ukipita njiani waona watu mezani wanakunywa supu. Na kwamba wana karatasi ya kuandika siku walizozaliwa jamaa zao, na karatasi hiyo huitundika chooni, ili wasisahau.

Mama alicheka mpaka sindano ikamchoma. Mjomba hakucheka.

"Bahari juu, nchi chini," akasema. "Na watu wanatembea juu ya maji. Huyu anaona tumekuwa wajinga kwa kuwa tumekaa mbali."

"Kaka, kwani ana faida gani ya kutudanganya?" mama akauliza.

"Anayesema uwongo kwenye maji atasema kweli kwenye nini? Na hayo mapazia. Yeye anapita anatazama wake za watu wakila?" Kisha akaongeza, "Jina la mamangu liandikwe chooni. Laa haula."

Katika barua hizo za mwanzo alikuwamo Bi Nel, mwenye nyumba aliyokuwa akikaa baba. Bi Nel mjane. Bi Nel kampikia supu ya njegere nzito hata kijiko kinasimama chenyewe. Bi Nel kamshonea soksi. Jumapili wanakula meza moja, kisha anamsomea gazeti apate kujifunza lugha yao. Baba hakuwahi kuandika umri wake. Nadhani hakuona haja, kwa kuwa alikuwa akimwona kila siku. Ila kwetu, mwanamume anayekula kila siku kwenye chungu cha mwanamke ambaye si mama yake wala dada yake, basi huyo ni mkewe, au yuko njiani kuwa mkewe. Hatukujua namna ya tatu. Na mimi mjane niliyemjua alikuwa mmoja: binti wa jirani yetu, umri wake kama miaka ishirini, aliyetoka eda na hina mikononi na akaolewa tena kabla ya Ramadhani. Kwa hiyo niliposoma mjane, nilimwona yule binti, amekaa na baba, anamsomea gazeti.

Ndipo mjomba akanifuata juu ya paa.

Kuruka si kazi rahisi kama mnavyodhani. Nilikwenda posta peke yangu, nikaisoma barua nyuma ya ukuta wa msikiti, nikaweka alama za kucha pembeni. Mbele ya mama nilisoma polepole, jicho langu likitangulia mistari miwili, na nilipofika kwenye alama nilihitaji kitu cha kuziba pengo. Nikaziba kwa theluji. Baba alikuwa ameieleza theluji vizuri sana katika barua moja, kwa hiyo nilikuwa na akiba. Palipokuwa na Bi Nel na supu yake, nikasoma theluji imeanguka juu ya mapaa. Palipokuwa na Bi Nel kuumwa goti na baba kumbebea makaa ya mawe ngazini, nikasoma theluji imeziba mlango. Hata lile goti halikunifumbua macho.

"Mwezi huu pia?" mama akaniuliza siku moja, Maskati inawaka moto hata kuta hazigusiki. "Huko hakuna kiangazi?"

"Hakuna, mama."

Akanitazama. Akazichukua karatasi mkononi mwangu, akazihesabu, tatu, zimeandikwa mbele na nyuma. "Maneno mengi hivi," akasema, "na wewe umemaliza mara moja." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, "Na yule Bi Nel yu hali gani? Siku hizi baba yako hamtaji."

Nikamwambia hakumtaja. Akairudia sindano yake. Leo, mtu mzima, naona nilichokifanya pale. Mwanamume anayemtaja mwanamke kila barua, kisha ghafla akaacha kumtaja, anaficha kitu. Mama hakuwa na shaka na Bi Nel alipokuwa akisikia habari za supu yake. Shaka ilimwingia nilipomfuta. Mjomba alitaka asisikie ili asiumie, na kule kutosikia ndiko kulikomuumiza.

Basi ikaja barua yenyewe. Bado naikumbuka, maana niliisoma mara nyingi nyuma ya ule ukuta. Baba aliandika kwamba Bi Nel amekubali kutupa chumba cha juu, sisi sote watatu. Dirisha lake linatazama mto. Amesema atamfundisha mama baiskeli, na skuli iko mtaa wa pili. Ruhusa ya kutoka Maskati ni ngumu, alijua, lakini rafiki yake aliyeko Bahrein angetushughulikia. "Mwambie mama yako sitaki kumlazimisha," aliandika. "Akisema ndiyo, nitaanza kutafuta tiketi."

Neno alilokuwa akilingoja mama lilikuwa hilo, mkononi mwangu. Nami nikalifahamu hivi: baba ameoa, na sasa anamtaka mama akakae nyumba moja na mke mwenzake, nyumba ya mke mwenzake, na kufundishwa naye baiskeli. Nikaona aibu kwa niaba ya mama hata masikio yakawaka. Nikamwambia mjomba. Akaketi juu ya ngazi, akajifuta uso kwa kilemba chake.

"Nilikwambia, sikukwambia?" akasema. Hakuwa na furaha, nataka mjue hilo. Alikuwa na macho ya mtu aliyefiwa. "Usimsomee, mjomba. Atakufa."

Nikamsomea mama theluji.

Baada ya miezi baba akauliza tena. Barua hiyo ilitaka pia kujua mama alizaliwa siku gani na mimi siku gani, Bi Nel anataka kutuandika katika ile karatasi yake. Hilo nalo nikaliruka, na nililiona ni tusi: mke mwenza anataka kulitundika jina la mama yangu chooni. Majibu niliyoyaandika kwa mkono wangu, kwa maneno ya mama, yalikuwa ya salamu, afya, na dua. Nawaza baba alivyoyafungua kule, akayasoma, akayageuza nyuma kuangalia kama kuna zaidi.

Mara ya tatu ilikuja bahasha pamoja na kifurushi. Ndani ya kifurushi, shali. Barua ilieleza kwamba Bi Nel kaifuma mwenyewe majira yote ya baridi, kwa macho yake mabovu, ili mama akishuka melini asipigwe na upepo. Na mwishoni: "Naona hamnijibu. Ikiwa mnakuja, semeni. Ikiwa hamji, semeni pia, nisingoje." Nilimsomea mama kwamba baba anamsalimu na anamletea shali. Basi.

Mama aliishika kwa ncha za vidole. Chumbani mle jasho lilikuwa likitudondoka, na lile pande la sufu juu ya mapaja yake lilikuwa kama mnyama aliyelala.

"Sufu, Maskati," mjomba akasema kutoka mlangoni. "Si Idi, si harusi, hakuzaliwa mtu."

Hakuhitaji kuongeza. Mama alijua, na hata mimi nilijua, kwamba kwetu mume akishaoa wa pili humpelekea wa kwanza kitu kizuri cha kumtuliza. Zawadi isiyo na siku yake ndiyo habari yenyewe. Mjomba alipoondoka, mama akaikunja shali mara nne, akaniambia nifunge mlango.

"Njoo ukae hapa, baba." Alipenda kuniita baba. "Mimi nakuuliza, na wewe ndiye macho yangu. Kuna nini katika barua hizi?"

Nilikuwa na nafasi. Barua zote tatu za kutuita zilikuwa mfukoni mwa kanzu yangu, hatua moja kutoka mkononi mwake. Ningeweza kuzitoa na kuzisoma neno kwa neno, na mama, ambaye alikuwa na akili kunishinda mimi na mjomba tukiunganishwa, angesikia lile goti, angesikia yale macho mabovu, na angecheka. Lakini ningelazimika kukiri kwamba nimemdanganya karibu miaka miwili. Nikaiogopa aibu yangu kuliko msiba wake.

"Amemuoa Bi Nel," nikasema.

Hakulia mbele yangu. Akaniambia nichukue kalamu. Barua aliyoniandikisha ilikuwa fupi, na ya heshima, hakumtaja mwanamke yeyote, kwa kuwa alisema hatamshindania mume mtu asiyemjua. Aliomba talaka. Aliomba kwa wema, kama walivyooana kwa wema. Niliandika kila neno, sikuongeza wala kupunguza.

Jibu la baba lilikuwa karatasi moja. "Mwanangu, msomee mama yako neno kwa neno. Nimesubiri jibu lako, nimelipata. Sijui nimekukosea nini, lakini ikiwa hii ndiyo radhi yako, nimekuacha, talaka moja. Mungu akutunze." Kati ya barua zote tangu siku ile juu ya paa, hiyo ndiyo pekee niliyomsomea mama bila ya kuruka. Alisikiliza mpaka mwisho. Pale baba aliposema hajui kamkosea nini, aliinua kichwa, akanitazama sana, kama mtu anayesikia mlio mbali asijue ni wa kitu gani. Kisha akaenda kutia udhu.

Baba hakuandika tena. Shali ikaingia sandukuni.

Mwaka Sultani mpya alipoifungua nchi, watu wakaanza kupata pasi za kusafiria na redio kuimba hadharani, ilikuja bahasha kutoka Rotterdam kwa mwandiko wa mtu mwingine. Nilikuwa na miaka kumi na saba na Kiingereza cha kubahatisha, cha kutosha. Aliyeandika alikuwa mpwa wa Bi Nel. Baba alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa mapafu, katika baridi, na Bi Nel alikuwa amemfuata baada ya wiki chache. Katika vitu vya baba walikuta anwani yetu na picha. Katika picha baba amesimama, amekonda, ameshika mkono wa kikongwe aliyepinda mgongo, nywele nyeupe kama pamba, mkongojo mkononi. Nyuma ya picha, kwa mwandiko wa baba: "Mimi na Bi Nel, siku alipotimiza miaka sabini na minane." Na mpwa huyo, kwa kuwa hakujua amtumie nani kitu kile, alikuwa ameikunja ile karatasi ya chooni akaitia humo. Majina mengi ya Kiholanzi, kila moja na siku yake. Chini kabisa, pembeni, jina la mama na jina langu, yameandikwa kwa mkono unaotetemeka, bila ya siku.

Nilimwambia mama kwamba baba amefariki. Akauliza, "Na mkewe?" Nikasema naye amefariki. Akasema, "Mungu awarehemu wote wawili."

Picha sikumwonyesha. Nilimaliza sekondari, nikafanya kazi serikalini, nikaoa, nikajenga, na mama akaishi nami zaidi ya miaka thelathini akishona kofia mpaka macho yakagoma. Posa zilimjia, akazikataa zote. Kila Ramadhani nilijiambia, mwaka huu nitamwambia, na kila Ramadhani nikamwona ametulia nikasema nimwache na utulivu wake. Hiyo nayo ilikuwa kuruka. Alikufa, nikafunga sanduku.

Mjomba simlaumu. Alinipa shauri baya kwa nia njema, na mtoto anaweza kukataa shauri. Mdomo ulikuwa wangu. Baba alikufa akiamini mkewe hakumtaka. Mama alikufa akiamini mumewe alimwacha kwa ajili ya mwanamke mwingine. Hayakuwa kweli yote mawili, na mimi ndiye niliyeyafanya yaaminike. Tulipofika Maskati baba yangu alikuwa hai na alituita mara tatu. Sikumwona tena.